Hela imekata na gari imegoma wiki moja: anzia hapa kabla hujampigia fundi

Haya mambo hayaji moja moja, yanakuja pamoja kama yamepigiana simu. Mshahara umechelewa au kibarua cha bandarini kimesimama, shule wanadai, luku inalia, alafu siku hiyohiyo gari inachemsha pale Chumbageni watu wote wanakuangalia. Wengi tukifika hapo tunafanya vitu viwili fasta, tunampigia fundi na tunaanza kutafuta mkopo kwenye simu, yani kabla hatujajua tunadaiwa nini hasa na gari inaumwa nini hasa. Mi msimamo wangu ni mmoja tu na nitaurudia: paki gari kwanza. Gari iliyopaki haili mafuta, trafiki hamwoni, na ugonjwa wake hauongezeki. Hapa Tanga hatuna hata sababu ya kuona aibu, huu ni mji wa baiskeli tangu enzi za babu zetu, kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone tambarare tupu, anayekucheka umepanda baiskeli huyo mgeni.

Sasa gari ikishapaki, kaa chini na mwenzako, na kama uko peke yako kaa na dada au mama, mtu ambaye humdanganyi. Chukua karatasi. Upande mmoja andika hela ya uhakika tu, sio ile ya "ntatumiwa Ijumaa inshallah". Upande wa pili andika vinavyotoka kwa kufuata uzito, chakula, dawa, pango, shule, umeme na maji, nauli ya kwenda kazini, kisha madeni. Gari inakaa chini ya nauli. Ila kama gari ndo kazi yenyewe, yani unabebea abiria au mzigo, basi inapanda juu inakaa karibu na chakula kabisa, hiyo ni jembe lako na hapo hesabu inabadilika. Lakini gari ya kupeleka watoto shule na kwenda harusini, samahani, hiyo inasubiri.

Mkishaandika mtaona kitu, karibu kila unayemdai... hapana, anayekudai, ana nafasi ya kusogea kidogo ukimwendea mapema. Ukimwendea umechelewa nafasi hiyo haipo tena.

Kuongea na watu

Mwenye nyumba anaudhika na kimya kuliko anavyoudhika na deni. Usisubiri tarehe ifike ndo uanze kupita njia ya nyuma. Nenda jioni baada ya swala ya alasiri ametulia barazani, nenda na kitu mkononi hata kama ni robo, na uende na mpango sio na machozi. Kitu kama hivi kinatosha:

"Shikamoo baba. Nimekuja mapema mana kodi ya miezi mitatu tarehe moja sitaifikisha yote. Hii hapa ya mwezi mmoja. Iliyobaki nusu naleta mwisho wa mwezi huu, nusu mwezi unaofuata."

Alafu nyamaza. Usijaze maneno. Akikubali mwambie muandike kwenye daftari nyote msaini, au hiyo hela mtumie kwa simu ili meseji ibaki, mana mzee wa watu anaweza kusahau kwa nia njema kabisa na wewe ukaonekana mwongo.

Shule ni vilevile, nenda kwa mhasibu kabla mtoto hajarudishwa getini, omba kulipa kwa awamu na uandikiwe. Za serikali ada haipo toka 2016 hadi kidato cha nne, na toka 2022 mpaka cha sita, kinachobaki ni michango, na michango nayo inaongeleka. Mi naona mtu aliyebanwa mwaka mzima aangalie pia hili la kumhamisha mtoto bila kuona ameanguka, ila hayo ni mambo ya nyumba ya mtu.

Kikoba. Hapa wengi wanaharibu, siku ya marejesho anazima simu. Mama mwenyekiti akikukosa mara moja tu jina lako limeshatembea mtaa mzima mpaka Makorora. Mpigie kabla, muulize mambo mawili, kama mfuko wa jamii unaweza kukusaidia (upo kwa ajili ya matatizo haswa, sio wa kununulia vijora) na kama unaweza kulipa riba tu mwezi huu alafu mtaji mwezi ujao. Na kama mnacheza mchezo wa kupeana, tafuta ambaye zamu yake ni wiki hii umwombe mbadilishane. Watu wengi wanakubali ukiwaeleza, wengine wanataka hata zamu yao isogee mbele ili wakaipokee karibu na sikukuu.

Duka la jirani, lipa kidogo kwenye daftari la zamani kabla hujaomba unga mwingine. Na usifungue daftari la pili duka la pili, hiyo inaenda vibaya, mana wale wenye maduka wanaongea.

Chakula sitasema sana, kila mtu anajua kupika kwake. Ila tukiwa wakweli wali wa nazi kila siku sio sheria ya dini. Kuna mihogo, kuna bada, kuna uduvi na dagaa, kuna machungwa ya Muheza yakiwa msimu yanauzwa kwa bei ya huruma. Samaki ukiamka asubuhi uende soko la samaki la Deep Sea na jirani wawili mkanunua kwa pamoja mkagawana pale pale unapata bei tofauti kabisa na ya kununua fungu mtaani saa kumi na moja jioni.

Umeme kidogo nieleze mana watu wanapoteza bila kujua. Kama uko kwenye kundi la D1, yani la wanaotumia umeme kidogo, uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja bado VAT na tozo, ukivuka 75 kila uniti ya ziada ni 350. Yani kuvuka tu hapo bei imezidi mara tatu. Kwahiyo nguo pigeni pasi siku moja ya wiki zote kwa pamoja, hita ya maji sahau, hapa Tanga maji ya bomba yenyewe vuguvugu. Na kingine, kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye luku, kwa nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, sasa usiponunua miezi mitatu siku unanunua wanakata 4,500 kwa mpigo unabaki unashangaa uniti zimeenda wapi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji, kwahiyo tunza risiti, mtakapokaa kuongelea pango uitoe.

Mkopo, kama ni lazma

Kausha damu usiguse. Najua unajua, ila saa kumi usiku mtoto anaumwa watu tunasahau tunachojua. Fanya hesabu kwenye karatasi, umechukua laki 3 kwa asilimia 30 kwa mwezi, riba ya mwezi mmoja ni elfu 90. Mkopeshaji mdogo mwenye leseni ya Benki Kuu haruhusiwi kuvuka asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki 3 hiyohiyo ni 10,500. Kwahiyo swali la kwanza kwa mkopeshaji yeyote ni leseni iko wapi, akianza kukuonyesha picha za wateja waliofurahi, ondoka.

Programu za kwenye simu ndo kabisa. Novemba 2024 BoT, yani hao hao Benki Kuu, walitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Nyingi za aina hiyo ukizipakua zinaomba ruhusa ya kusoma namba zako zote, ukichelewa siku moja wanamtumia meseji mkweo. Mkwe anajua unadaiwa elfu 40. Hela gani hiyo.

Na kadi ya gari. Kuna mtu atakwambia "weka kadi tu nakupa laki tano", alafu karatasi anayokuletea juu imeandikwa mkataba wa mauziano. Soma kichwa cha karatasi jamani. Ukisaini mauziano umeuza, hukukopa, na ukienda kulalamika karatasi ndo itakayosema sio wewe.

Turudi kwenye gari

Ubovu wa gari mi naugawa mafungu matatu na ndo huo mgao unaamua hela iende wapi. Kuna unaoua watu: breki, usukani, boljointi, tairodi, tairi. Hapo gari haitembei hata kwenda dukani, na hakuna "ntaenda polepole". Kuna unaoua injini: kuchemsha, taa nyekundu ya oili, belti inayolia na kupasuka. Hapo gari inazimwa palepale ilipo. Alafu kuna kelele tu, stabilaiza linki zinagonga kwenye mashimo ya Mikanjuni, kioo hakishuki, AC haipoi, bampa limefungwa kwa waya. Hayo ya fungu la tatu yanaudhi na yanatia aibu, na kwa sababu yanatia aibu ndo watu wengi wanaanza nayo. Mtu ana pedi za breki zimebaki karatasi anapeleka gari kupiga rangi. Fungu la tatu acha kabisa mpaka nyumba itulie.

Kuchemsha ndo kunakula hela zetu nyingi kuliko kitu kingine chochote kwa hizi gari zetu ndogo. Mshale wa joto ukipanda, zima AC, washa hita ya ndani moto wa mwisho (utaloa jasho, vumilia, inavuta joto kutoka kwenye injini), tafuta pembeni usimame, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, yale maji yana presha yatakubabua uso. Subiri ipoe kabisa, nusu saa au zaidi, ndo uangalie: maji yamepungua kiasi gani, kuna hozi imepasuka, mfuniko wenyewe mpira wake umekufa, feni ilikuwa inazunguka? Mara nyingi ni kimoja kati ya hivyo, vitu vya bei ndogo. Tatizo ni zile kilomita mbili za "ngoja nifike nyumbani". Hedi ya hizi injini ni alumini, ikipata joto sana inapinda, gasketi inaungua, na sasa hozi ya bei ya chakula cha siku mbili imegeuka kuwa kufungua injini, kupeleka hedi kuchongwa, gasketi mpya, oili mpya na ufundi juu yake.

Maji ya kisima usiweke kwenye rejeta. Visima vyetu vingi huku karibu na bahari vina chumvi, utaona kutu ya kahawia ndani ya mwaka. Weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta, ukikosa kabisa kwa leo maji ya mvua ni afadhali. Na fundi akikwambia "tutoe themostati, hizi nchi za joto hazihitaji", kataa kwa adabu. Ile inalinda injini ifike joto lake, ukiitoa injini inafanya kazi ikiwa ya baridi na inakula mafuta zaidi, alafu chanzo cha kuchemsha bado kipo.

Betri nayo. Gari haiwaki asubuhi watu wanakimbilia kununua betri, kumbe alternata haichaji, au vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe wa kijani. Upepo wa bahari huku unakula kila chuma. Mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua, kausha, paka grisi, kaza. Alafu omba fundi umeme akupimie kwa mita, haichukui dakika tano: gari ikiwa imezimwa na imepumzika betri nzima inasoma kama 12.6, ikiwaka inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwaka inasoma 12 na pointi, betri mpya utakayonunua nayo itakufa wiki ijayo.

Gereji

Hapa niseme wazi, mafundi wengi wa Tanga ni watu wema na wanajua kazi. Ila fundi anayeishi kwa siku akiona mteja hajui kitu na ana haraka, atakisia, na kukisia kwake unalipia wewe. Kwahiyo unachonunua kwanza ni kipimo. Kupimwa kwa mashine kuna hela yake ndogo, lipa hiyo, soma mwenyewe kilichoandikwa, piga picha.

Mfano ambao nimeushuhudia kwa macho. Gari inamisi, inatetemeka ukisimama kwenye taa. Mashine imeandika P0302, yani silinda ya pili haichomi vizuri. Gari hiyo kila silinda ina koili yake inayoipa plagi moto. Fundi anasema:

"Mama hizi koili zote nne zimechoka, na plagi. Lete laki mbili na nusu tumalize, usiende ukarudi."

"Fundi wangu, sina hiyo. Hebu nisaidie kitu, hiyo koili ya namba mbili hamishia namba tatu, ya tatu lete huku. Futa hiyo namba kwenye mashine alafu tupime tena."

"Ya nini sasa kuhangaika..."

"Nakuomba tu kaka'angu, soda yako ipo."

Kazi ya dakika kumi. Mashine ikasoma P0303. Ugonjwa umehama na koili, kwahiyo mbovu ni ile moja, tatu nzima. Ingebaki P0302 basi shida sio koili, tungeangalia plagi ya silinda ile, kisha nozeli. Jaribio hilo halina gharama na linafanya kazi kwenye gari yoyote yenye koili ya kila silinda.

Mambo mengine ya kushika ukiwa gereji: hela ya ufundi mkubaliane kabla spana haijashika nati, na iwe ya kazi nzima sio "tutaongea". Spea nunua mwenyewe, fundi akuandikie jina lake, au uende naye. Spea ya zamani uiombe, hata kama hujui cha kuifanyia, fundi akijua utaiomba hawezi kukwambia amebadilisha kitu ambacho amekipangusa tu. Na fahamu mambo mawili matatu ya gari yako. Kwa mfano hizi IST zilizojaa mjini, injini zake 1NZ na 2NZ zinatumia cheni, hazina taimingi belti. Akitokea mtu akakwambia taimingi belti ya IST yako imekaribia kukatika, msalimie uondoke. Wenye Carina za 5A na 7A hiyo belti mnayo kweli, na ikifika kilomita laki moja ibadilishwe.

Mpya, ya mtumba, au kopi? Vitu vya mtumba kutoka Japan ambavyo mi sina shida navyo ni taa, vioo, milango, alternata, stata, hata koili ikijaribiwa mbele yako. Vitu ambavyo usinunue vimetumika hata upewe kwa nusu ya nusu: pedi, hozi, belti, boljointi, filta. Tairi za mtumba watu tunanunua, siwezi kujifanya malaika, ila soma ubavuni zile namba nne za mwisho baada ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ina kashata nzuri lakini imetengenezwa miaka kumi iliyopita, mpira umekauka, ile itapasuka Segera na jua la saa saba.

Ukikosa spea hapa, au bei ni ya kuruka, iagize Dar, Kariakoo au Ilala, inakuja na basi unaipokea stendi ya Kange kesho yake. Ila usitume tu "nataka shokamzoba ya IST". Piga picha kadi ionekane namba ya chasisi, piga picha spea ya zamani pande zote na namba zilizochongwa juu yake, tuma kwa ndugu aliyeko kule aende nayo dukani kwa miguu yake. Hela isitoke kwa mtu wa mtandaoni mwenye picha nzuri na jina la duka tu.

Breki kwa kifupi: pedi ikibaki milimita 3 badilisha, ukisubiri chuma kisage disiki unanunua vyote. Maji ya breki yakishuka usiongeze tu, tafuta yanakovujia. Na kama breki zina mashaka usipande Lushoto, hata kama ni msiba wa mjomba, panda basi. Kutoka Mombo mpaka juu ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, kupanda sio shida, shida ni kushuka, watu wanakanyaga breki mwanzo mwisho zinaungua zinakuwa laini kama hazipo. Weka gia ndogo, kwenye otomatiki weka 2 au L, injini yenyewe ishike gari.

Vidogo vinavyokula hela kimya kimya

Faini angalia kabla hujaangaliwa. Notifikesheni ya barabarani ni elfu 30 kwa kosa moja na ukichelewa inaongezeka, tairi kipara na taa iliyokufa ni kosa, balbu ni bei ya vitumbua. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 ikiwa na VAT, hiyo igawe kwa miezi 12 utaona ni kama elfu 10 kwa mwezi, iwekwe kidogo kidogo kwenye laini ya simu ambayo hupigii. Roudi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwahiyo mtu asikutishe nayo.

Mafuta, EWURA (wale wasimamizi wa nishati na maji) wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na Tanga ina bei yake mana meli zinashusha hapahapa. Tetesi zikisema inapanda weka Jumanne. Upepo wa tairi fuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva, tairi laini inakula wese na inaisha pembeni.

Gari ikikaa wiki kadhaa

Kupaki nako kuna namna yake, hasa kwetu huku hewa ina chumvi. Ioshe kwanza na chini pia kwa maji baridi ya bomba, uitoe chumvi na tope. Itoe terminali ya nagetivu, vinginevyo alamu na redio zitainyonya betri mpaka ife. Hendibreki usiiache imevutwa mwezi mzima, shuu zinagandia kwenye dramu, weka gia P na jiwe mbele na nyuma ya tairi. Isogeze kidogo kila baada ya muda tairi zisilalie upande mmoja. Vioo vifungwe, panya wa Ngamiani wanapenda waya.

Watoto wa shule, ongea na majirani wenye watoto njia hiyohiyo mchukue bajaji moja kwa mwezi, dereva mwenye familia mnayemfahamu, mpatane bei ya mwezi mlipe kila Jumatatu. Au jirani mwenye gari nzima mchangie mafuta, hela ya mafuta mpe mkononi kabla hajaomba, asipojisikia vizuri kupokea mwekee tu kwenye dashibodi.

Wengine wakifika hapa wanauliza kama wauze. Angalia bei ya kuitengeneza fungu la kwanza na la pili tu, ukijumlisha ikizidi nusu ya bei ambayo mtu angekupa leo ikiwa hivyo hivyo mbovu, na gari sio kazi yako, mi ningeuza. Ila usiuze wiki ya shida yenyewe, madalali wananusa. Maliza kuongea na mwenye nyumba na shule kwanza ili usiwe unauza huku umebanwa koo.

Na kama unabaki nayo, siku itakayotoka gereji nunua daftari la kurasa 40 liwekwe kwenye droo ya dashibodi. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei ya spea, bei ya ufundi. Oili ikimwagwa andika kilomita za leo na ongeza 5,000, IST inakunywa lita kama 3.7 ikibadilishwa na filta yake, kwahiyo galoni ya lita 4 inatosha na kinachobaki kiweke kwenye buti. Fundi mpya akiuliza mara ya mwisho mlibadilisha nini, mpe asome.